Kuagiza lechon (nguruwe mzima wa kuchomwa juu ya mkaa) ya ubatizo Quezon City, Ufilipino: kilo ngapi, saa ngapi, na niulize nini kabla ya kulipa?

NyumbaYaKona

Wakuu salaam. Kuna ubatizo Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, Quezon City. Misa ni saa nne asubuhi, chakula saa sita na nusu mchana, ukumbi wa ghorofa ya nne kwenye jengo la makazi. Watu wazima 50, watoto 12. Mezani kutakuwa na wali, pancit (tambi), lumpia (vitafunio vya kukunjwa) na kuku, lakini inayosubiriwa ni lechon.

Muuzaji mmoja kaniandikia "kilo 30, inatosha watu 60". Mwingine ana "kilo 20" na bei yake iko juu kuliko ya kilo 30. Nimeshindwa kuelewa hiyo hesabu. Naomba kujua: nichukue ukubwa gani? Ifike saa ngapi ili ngozi isilegee? Upande wa mama ni watu wa Cebu na upande wa baba ni wa Manila, nichukue ya mtindo gani? Na kati ya wageni kuna Waislamu watatu, pamoja na familia moja ya Iglesia ni Cristo (kanisa la Kifilipino).

MkaaMwekundu

Mkuu, hiyo hesabu iliyokushinda ndiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: kilo 30 za nini? Za nguruwe akiwa hai, za nguruwe aliyechinjwa na kutolewa matumbo, au za lechon iliyokwisha iva? Matangazo mengi hayasemi, na tofauti yake ni kubwa.

Nguruwe wa kilo 30 akiwa hai, ukitoa damu, manyoya na matumbo, anabaki kilo 21 hadi 23. Akizungushwa juu ya mkaa anadondosha maji na mafuta, na anashushwa akiwa na kilo 15 au 16. Yaani karibu nusu ya alivyokuwa zizini. Bado hujatoa mifupa, kichwa na kwato. Kinacholiwa, ngozi ikiwemo, ni kama asilimia 60 ya hiyo iliyoiva, kwa hiyo kilo 9 na kidogo.

Sasa geukia wageni. Penye wali na vyakula vingine, mtu mzima mpigie gramu 150 na mtoto nusu yake. Watu 50 ni kilo 7.5, watoto 12 ni gramu 900, jumla kilo 8.4. Nguruwe wa kilo 30 akiwa hai anawatosha, ila hakuna cha kufungasha. Kwenye sherehe ya Kifilipino mgeni kuondoka na kifuko mkononi ni sehemu ya sherehe, kwa hiyo nenda kilo 35. Usivuke 40. Nguruwe mkubwa ana mafuta mazito chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nene. Ukiitafuna unahisi ugumu wa kiatu badala ya kuvunjika kama biskuti.

Kuhusu bei, linganisha kwa kilo iliyoiva tu. Kwa mfano wa tarakimu za kubuni: A anataka piso 14,000 kwa kilo 30 za uzito hai, B anataka piso 15,500 kwa kilo 20 zilizoiva. Kilo 30 za A zikiiva ni 15, kwa hiyo kila kilo ni piso 933. Za B ni piso 775. Yule uliyemwona ghali ndiye rahisi. Huenda ndicho kilichokupata hapo juu.

Na ukiona "lechon de leche" usidanganywe na bei yake nzuri. Huyo ni mtoto wa nguruwe ambaye bado ananyonya. Nyama yake laini sana, ngozi nyembamba, lakini anaisha kwa watu 10 hadi 15.

KisuButu

Nijibu la saa. Watu wote huuliza "italetwa saa ngapi". Uliza itashushwa kwenye moto saa ngapi.

Ngozi ya lechon ni kavu kwa sababu moto umeikausha kwa nje, huku chini yake kuna mafuta na nyama yenye maji, na tumboni kuna majani yanayofuka mvuke. Ikitoka kwenye moto, kile kinachoikausha hakipo tena, lakini mvuke wa ndani unaendelea kupanda. Saa ya kwanza ngozi ni kioo. Saa ya pili bado inalika vizuri. Saa ya tatu unaivuta inanyumbuka, na unyevu wa hewa ya Manila unamalizia kazi.

Ukila saa sita na nusu, nguruwe ashuke kwenye moto kati ya saa tano kasorobo na saa tano. Barabarani dakika 30 hadi 45, ukumbini kabla ya saa sita, kukata kuanze saa sita na robo. Nguruwe wa kilo 35 anahitaji kama saa nne za moto, kwa hiyo mwanzi aliochomekwa uwe juu ya mkaa kabla ya saa moja asubuhi. Jumapili, na zaidi Desemba, wachomaji hupanga kwa awamu, na awamu ya kwanza huanza usiku wa manane. Wakikuweka humo, lechon italetwa saa uliyotaka kabisa, lakini imekaa sandukuni tangu alfajiri. Omba awamu ya mwisho ya asubuhi na hakikisha imeandikwa kwenye risiti.

Hapo hapo, ukimtumia ujumbe muuzaji andika "11:30". Ukitafsiri "saa tano na nusu" neno kwa neno, utaletewa nguruwe kabla ya jua kuchomoza.

Usafirishaji: sanduku la karatasi ngumu lenye matundu ubavuni, chini karatasi ya kahawia au majani ya mgomba. Isifunikwe kwa foili wala plastiki, hata dakika kumi. Na isikatwekatwe kwao kabla ya safari, hata wakisema ni bure. Vipande vikipangwa juu ya vipande vinatokota kwa mvuke wao wenyewe. Omba aje mkataji ukumbini. Ikifika, fungua sanduku lote na ielekezee feni.

Kabla ya kumlipa dereva salio, kagua mambo mawili. Gonga mgongo kwa ukucha: ukisikia mlio mkavu wa debe tupu, ngozi iko sawa. Kisha chomeka kisu kirefu ndani ya paja, karibu na kiungo cha nyonga. Maji yakitoka meupe, imeiva. Yakitoka mekundu, au nyama imeng'ang'ania mfupa, paja bado. Kipimajoto kikisoma 75°C karibu na mfupa, huna wasiwasi. Paja na bega ndipo kosa linapojificha, kwa sababu ni pazito kuliko tumbo. Mchomaji anayejua husukuma mkaa kwenye ncha mbili, chini ya bega na chini ya paja, na katikati huacha mwepesi. Mwenye haraka hutandaza mkaa sawasawa na kukoleza moto mapema: ngozi inapata rangi nzuri ndani ya saa mbili, inapasuka mgongoni, na paja ndani ni bichi. Kosa hilo hilo hutokea nguruwe aliyegandishwa akipandishwa motoni kabla barafu ya ndani haijayeyuka.

BibiSufuria

Mimi napingana na kilo 35 moja. Chukua mbili za kilo 18 hadi 20 za uzito hai. Ngozi ndiyo inayogombaniwa, na nguruwe wawili wadogo wana ngozi nyingi na nyembamba kuliko mmoja mkubwa. Moja ichomwe kwa mtindo wa Cebu, nyingine kwa mtindo wa Manila, na wakwe wote watulie.

MkaaMwekundu

Dada, hoja ya ngozi nakubali. Ila aelewe anacholipia: kazi ya kuchoma na mkaa hutozwa kwa kila nguruwe, kwa hiyo wawili wadogo ni ghali kuliko mmoja wa uzito wao kwa pamoja. Na mdogo ana mifupa mingi kwa nyama yake, hapo hesabu asilimia 55 badala ya 60. Bado zinatosha, unapata kama kilo 10 za kuliwa. Mwenye bajeti afuate ushauri wako.

Sahani_Tatu

Kwenye suala la mitindo, watu hugombana bila kujua wanagombania nini.

Lechon ya Cebu hupakwa chumvi ndani na kujazwa kifurushi kinene cha mchaichai, ambao wenyewe huuita tanglad, vitunguu saumu, majani ya vitunguu na pilipili manga. Wengine huongeza nyota za anisi na majani ya mkwaju. Tumbo hushonwa, na wakati wa kuchomwa ule mvuke unapikia mbavu kutoka ndani. Kwa hiyo nyama ya mbavu na tumbo ina chumvi na harufu yake tayari, haihitaji mchuzi. Mcebu akiona mtu anaimwagia sarsa (mchuzi mzito) anasononeka, na ana haki. Lakini utamu huo hauvuki mbavu. Paja na bega havikufikiwa na viungo, hivyo hata Cebu huliwa kwa siki yenye pilipili, chumvi na saumu.

Mtindo wa Manila ni chumvi na pilipili tu, kazi ya ladha wameiachia sarsa ya ini: nzito, tamu, yenye uchachu wa siki. La Loma, hapo hapo Quezon City, ndiyo mtaa uliojijengea jina kwa lechon za namna hii, na uko karibu nawe.

Ya Cebu usiagize ya kuletwa kwa ndege. Talisay na Carcar, huko Cebu, kuna mabingwa, hilo halina ubishi, lakini hesabu saa za KisuButu: kutoka motoni hadi uwanja wa ndege, ndege, kutoka uwanjani hadi ukumbini. Ngozi itafika imekufa. Manila kuna wachomaji wengi wa mtindo wa Cebu. Muulize mmoja anajaza nini. Akijibu "viungo vya siri" bila kutaja hata tanglad, endelea kutafuta.

Sarsa wanayokupa na lechon huwa chupa moja mbili, haitoshi. Mtu mmoja anatumia kama mililita 50, kwa hiyo 50 wanamaliza lita mbili na nusu. Ya kuongezea nyumbani, inayotoa kama lita moja na nusu: ini gramu 500 libanikwe au lichemshwe hadi likae sawa, lisagwe laini. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa na punje sita za saumu, mimina ini, maji lita moja, siki mililita 200, sukari ya kahawia gramu 150, chumvi na pilipili manga ya kutosha. Siki ikishaingia usikoroge mpaka ichemke, la sivyo, wanavyoamini wapishi wa huko, inabaki na ukali mbichi. Ongeza chenga za mkate gramu 100 kidogo kidogo, moto mdogo, dakika 15 hadi ishikamane na mgongo wa kijiko. Ikipoa inazidi kuwa nzito, hivyo ondoa mapema kidogo.

NyumbaYaKona

Nimeelewa, asanteni. Nimeamua mbili za kilo 20. Nimebakiwa na mawili: karatasi gani nidai kwa muuzaji, na ikifika ngozi imelegea kweli nifanyeje? Na lile la wageni.

KisuButu

Ikilegea usijaribu kupasha nguruwe mzima. Bandua ngozi kwa mkasi wa jikoni, vipande vya kiganja, kwangua mafuta mazito ya chini, panga kwenye trei ngozi ikitazama juu, oveni 220°C dakika 8 hadi 12. Usiondoke, ikishaanza kutoa vilengelenge inaungua ndani ya dakika moja. Oveni hakuna? Kikaango, mafuta ya kufunika nusu ya kipande, na mfuniko mkononi maana itaruka. Mikrowevu usiiguse.

Risiti_Kwanza

Karatasi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilithibitishwa Ufilipino mwaka 2019, na tangu hapo kusafirisha nguruwe na nyama yake kunadhibitiwa. Ugonjwa wenyewe hauambukizi binadamu, kwa hiyo usiogope kula. Unachotaka kujua ni kama nguruwe amepita mikononi mwa mkaguzi, kwa sababu aliyekufa zizini naye akichomwa vizuri anang'aa vile vile. Sheria ya ukaguzi wa nyama ni Republic Act 9296 ya mwaka 2004, na idara yake ni NMIS. Muhuri wa machinjioni hauonekani tena ngozi ikishaiva, hivyo omba picha ya cheti cha ukaguzi wa nyama cha siku hiyo, na kibali cha biashara cha meya. Muuzaji wa kweli hutuma ndani ya dakika chache. Anayeona unamsumbua, mwache.

Malipo ya awali ya nusu ni kawaida. Kulipa yote mapema kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu, asiye na duka la kwenda kusimama mlangoni, hapana, na Desemba hapana mara mbili. Kwenye risiti yaandikwe: uzito na ni uzito gani, saa ya kushushwa motoni, mtindo, sarsa lita ngapi, mkataji yupo au hayupo, nauli, na wakichelewa zaidi ya saa moja wanarudisha nini. Uliza pia matumbo na damu vinakwenda wapi. Wengi hukupikia dinuguan (mchuzi wa damu na matumbo) bila malipo, lakini kama hukusema, havirudi kwako.

Jambo dogo linalosahaulika: umesema ghorofa ya nne. Nguruwe akiwa bado kwenye mwanzi anaweza kuzidi mita mbili na hataingia kwenye lifti. Wachomoe mwanzi chini, apande na sanduku. Meza iwe ya mita moja na nusu kwa kila mmoja, yenye miguu imara, maana atakatwa kwa panga nzito juu yake. Tandika karatasi ngumu chini ya majani ya mgomba, mafuta yanapenya.

BibiSufuria

Wageni sasa. Kwa Waislamu usiishie kuwaambia "kuna kuku". Kuku wa kubanikwa kutoka kwenye banda linalochoma na nguruwe amegusana na moshi, kisu na ubao ule ule, na pia wanataka aliyechinjwa kwa halali. Agiza chakula chao kwenye mgahawa wa halali, kije kimefungwa, kiwekwe meza yao na vijiko vyake mbali na meza ya lechon. Pancit na lumpia nazo chungulia, mara nyingi zina nyama ya nguruwe ndani. Familia ya Iglesia ni Cristo wanakula nguruwe, wanachojiepusha nacho ni damu, kwa hiyo dinuguan isiwekwe jirani na sahani yao wala isichanganywe vijiko. Kama kuna Msabato, naye mhesabu upande wa meza ya halali.

Na weka mtu mmoja wa kulinda lechon kuanzia inapofika. Utashangaa masikio na mkia vinavyopotea kabla ya sala.

Kukata: ngozi kwanza yote, sahani yake peke yake. Halafu mbavu na tumbo, halafu bega, paja mwisho. Kichwa kiache.

Yatakayobaki yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kukatwa, si baada ya wageni kuondoka. Toa mchaichai wote tumboni, tenga nyama na mifupa, tumia vyombo vya kina kifupi ili vipoe haraka. Siku tatu hadi nne kwenye friji, zaidi ya hapo gandisha. Paksiw (mchemsho wa siki) ya kesho yake: kilo moja ya nyama na mifupa, siki mililita 120, maji mililita 250, sarsa mililita 250, saumu, majani mawili ya laureli (bay leaf), pilipili manga nzima kijiko cha chai, sukari kwa kuonja. Moto mdogo dakika 40, na ngozi iliyolegea itupie humo, hapo ulegevu ndio unaotakiwa. Mifupa mingine ipike na choroko. Kichwa ni cha sisig (nyama ya kichwa iliyokatwakatwa na kukaangwa).

Makombo usimpe mtu akalishe nguruwe wake, hata akiomba kwa heshima. Kirusi cha hiyo homa husafiri ndani ya mabaki ya nyama ya nguruwe. Funga, tupa.

NyumbaYaKona

Nimempigia yule wa "kilo 30". Ni uzito hai. Na awamu aliyokuwa ameniwekea ni ya saa tisa usiku. Nimeibadilisha, nimeomba picha ya cheti cha siku hiyo, na ujumbe wangu wa mwisho umeandikwa 11:30.